Mtoto "anaota" meno au "anamea" meno? Naomba tulichambue neno hili

MamaTumaini (#1)
Habari zenu wanajukwaa.

Juma lililopita nilikuwa nikimlisha mwanangu wa miezi 7 uji wa ulezi, kijiko kikagonga kitu mdomoni mwake, kikalia "ti". Nilikiweka kijiko kando, nikapitisha ncha ya kidole juu ya ufizi wa chini, nikakuta ukingo mwembamba unaokwaruza, mfano wa punje ya mchele iliyosimamishwa. Nikamwita mume wangu nikimwambia, "Njoo uone, mtoto ameota jino." Mume wangu ni mzaliwa wa Nyeri, Kenya. Akaja, akamtazama mtoto, akaniuliza, "Ameotaje naye yuko macho? Sema amemea jino."

Ningeliacha jambo hilo liishie jikoni, lakini kazi yangu ni kuhariri, na wakati huu nina mezani kijitabu cha afya ya watoto kitakachosomwa na akina mama wa Tanzania na wa Kenya pia. Sura nzima inahusu meno ya mtoto mchanga. Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, ni lipi litakaloeleweka pande zote mbili bila mama kusita: kuota meno, kumea meno, kutoka meno au kutoa meno? Pili, huku kuota meno, na kule kuota ndoto, na kule kuota moto, je, ni neno moja lenye matawi, au ni maneno matatu yaliyokutana njiani yakafanana sura?

Nahodha wa Pangani (#2)
Dada, Kiswahili ni kuota meno, nami sioni shaka yoyote hapo. Kitu chochote kinachochomoza kutoka ndani ya mwili au ndani ya ardhi huota. Mbegu huota, magugu huota, ndevu huota, mvi huota, jipu huota, na mtu akinenepa tumbo husemwa ameota kitambi. Hata mambo yasiyo na mwili huota: rushwa huota mizizi, mipango huota mbawa, na kijana aliyeanza kiburi huambiwa ameota mapembe. Neno lililobeba yote hayo linashindwaje kubeba jino la mtoto?

Kutoa meno ni jambo lingine kabisa. Mtu anayetoa meno ni yule anayecheka au anayetisha.

WaMlimani (#3)
Shemeji wa MamaTumaini hapa, maana mimi pia ni wa Nyeri. Sisi tunaozungumza Kiswahili tukiwa na Kikuyu nyuma ya ulimi tunasema kumea kwa sababu lugha ya mama inasema hivyohivyo: mtoto akianza kupata meno tunasema *kũmera magego*. Mbegu nayo *ĩkamera*. Ukiniambia mtoto ameota, picha inayonijia kwanza ni mtoto aliyelala akitabasamu usingizini. Sisemi kwamba kuota ni kosa, kwa sababu shuleni tulifundishwa "mbegu imeota". Ninachosema ni kwamba mama wa Kirinyaga akiona neno hilo kwenye kichwa cha sura atasita kidogo kabla ya kuelewa, na nadhani kusita huko ndiko mwanzisha uzi anakotaka kukuepuka.

Mkulima Msomi (#4)
WaMlimani amenifungua macho. Kama kitendo ni kumea, basi neno "meno" lenyewe limetokana na kumea. Mea, meno. Meno ni vile vitu vinavyomea. Kwa hiyo kumea ndilo neno la asili, na kuota limekuja baadaye.

Mwalimu wa Songea (#5)
Ndugu Mkulima Msomi, hapo sikubaliani nawe, na sababu ni nyepesi. Usianze na wingi, anza na umoja. Umoja ni jino. Shina ni *-ino*, na wingi wake ni *ma-* ikiongezwa kwenye *-ino*. *A* na *i* zikikutana huwa *e*, ndipo tukapata meno. Ni kanuni ileile inayofanya *ma-* na *-ingi* ziwe "mengi", na *wa-* na *-ingi* ziwe "wengi". Herufi *me* za "meno" na *me* za "mea" zimefanana kwa bahati tu.

Hata hivyo umesogelea jambo la kweli, kwamba kumea ni kitenzi cha kale sana. Nimeishi miaka mingi jirani na mpaka wa Malawi, na kwa Kichewa mtoto akipata meno husemwa *kumera mano*. Kikuyu kina *kũmera*, Kiganda kina *okumera*. Kiswahili kimeidondosha ile *r*, kama kilivyofanya kwenye maneno mengi, kikabaki na "mea". Lakini mzizi ni mmoja.

Mkulima Msomi (#6)
Nashukuru Mwalimu, nimekubali kuhusu "meno". Kuhusu kumea nitaongeza ushahidi wa jikoni. Bibi yangu alikuwa akiloweka ulezi usiku kucha, anauchuja, anaufunika kwa majani ya mgomba ndani ya ungo, na baada ya siku mbili au tatu ulezi wote ulikuwa umetoa vijimkia vyeupe. Aliuanika, akausaga, akauita kimea, na bila kimea hicho togwa haikolei utamu. Nafaka ile ilimea, ndiyo maana ikaitwa kimea. Vijimkia vile, ukivitazama kwa karibu, vinafanana sana na jino la mtoto linapochungulia.

WaMlimani (#7)
Kwetu pia *kĩmera* ni nafaka iliyochipua kwa ajili ya kutengenezea pombe, na neno hilohilo lina maana ya msimu wa mazao. Tumefika mbali na mtoto, lakini tumefika kwa njia iliyonyooka.

Binti Saadani (#8)
Mimi naona mnaipuuza ndoto haraka mno. Nimelea watoto wanne. Kila mmoja, meno yalipokaribia, alilala usingizi wa mang'amung'amu: anacheka, anashtuka, anatafuna hewa, analia bila kuamka. Mama yangu alikuwa akisema, "Mwache, anaota meno," naye alimaanisha kwamba mtoto anayaona meno usingizini kabla hayajatoka. Kwa nini tusikubali kwamba wahenga waliunganisha mambo hayo mawili kwa makusudi?

Mwalimu wa Songea (#9)
Binti Saadani, maelezo ya mama yako ni mazuri na ningependa yawe kweli, ila kuna neno moja linalotuzuia, nalo ni "ndoto". Tazama lile *d*. Kama kitenzi kingekuwa *-ota* tangu mwanzo, lile *d* lingetoka wapi? Katika Kiswahili *n* ikikutana na *l* au *r* hutoa *nd*: ulimi, ndimi, -refu, ndefu. Kwa hiyo ndoto inatuambia kwamba kitenzi cha kuota usingizini kilikuwa *-lota*, kikaidondosha *l* yake, lakini nomino ikaihifadhi kama kisukuku ndani ya jiwe. Lugha nyingine bado zinayo: Kichewa husema *kulota*, Kiganda *okuloota*, Kikuyu *kũroota*.

Kuota moto nako ni kwingine. Kichewa husema *kuotha moto* na Kiganda *okwota omuliro*, bila *l* yoyote mwanzoni. Basi hayo ni mawili yaliyokuwa mbalimbali, yakakutana Kiswahili kilipoiangusha ile *l*. Ndiyo maana kamusi zetu huvitenga vitenzi hivi kwa namba badala ya kuviweka chini ya kitomeo kimoja.

Nahodha wa Pangani (#10)
Mwalimu, umetueleza kuota kwa ndoto na kuota kwa moto. Kuota kwa meno, ambako ndiko tulikoulizwa, umekuacha ufukweni.

Mwalimu wa Songea (#11)
Ni kweli, Nahodha. Dhana yangu ni kwamba kuota kwa mbegu na meno ni mtoto wa kuota moto na jua. Mbegu hufukiwa, ardhi ikapata joto, ikachomoza kulifuata jua. Anayeota jua ni yule aliyetoka ndani akakaa penye joto, na mche mchanga unafanya vivyo hivyo. Naitoa kama dhana, siitoi kama hukumu.

Mpenda Sarufi (#12)
Dhana ya Mwalimu ina mvuto kwa upande wa mbegu, lakini kinywani hakuna jua. Mimi ningependa tuitazame sarufi kabla ya historia.

Chukueni ndoto. Naweza kusema "nimeiota ndoto hii mara mbili", na naweza kumwambia mtu "jana nilikuota". Kitenzi kinapokea kiambishi cha mtendwa bila kusumbua. Sasa jaribuni meno: "mtoto ameyaota meno". Sikio langu linakataa. Jaribuni kutendwa: "meno yameotwa na mtoto". Hapo kila sikio linakataa. Maana yake ni kwamba meno katika "mtoto ameota meno" hayatendwi jambo lolote. Meno ndiyo yanayoota, na mtoto ni mahali pa kuotea, kama shamba linavyoota magugu, kidevu kinavyoota ndevu na mguu unavyoota jipu. Tunaweza kugeuza tukasema "meno yameota", na maana haiharibiki. Lakini huwezi kugeuza "nimeota ndoto" ukasema "ndoto imeota".

Kwa hiyo hata kama hatujui asili, tunajua kwamba msemaji wa leo, bila kufundishwa na mtu, anavishika vitenzi hivi kama vitenzi tofauti.

Nahodha wa Pangani (#13)
Hii ya shamba na magugu nimeipenda. Hata hivyo "meno aliyoyaota mwanangu" nimeisikia kwa watu wazima wenye Kiswahili chao, na haikunikwaruza.

Mpenda Sarufi (#14)
Mimi ningesema "meno aliyoota". Tukiwauliza watu kumi tutapata mgawanyiko, nami nakubali kwamba jaribio la kutendwa lina nguvu kuliko jaribio la kiambishi.

Nesi Mkunga (#15)
Samahani kwa kuingia katikati ya sarufi. Nimehudumu kliniki ya watoto kwa miaka 19, na ningependa kijitabu cha MamaTumaini kiangalie pia maneno yanayotembea na kuota meno, kwa sababu hayo ndiyo yanayoumiza watoto. Akina mama huniambia, "Ana homa ya meno," au, "Anaharisha kwa sababu ya meno." Neno limeshatoa sababu, na mama hatafuti sababu nyingine.

Ukweli ni kwamba jino linapochomoza mtoto anaweza kutoa udenda mwingi, kutafuna vidole, kusumbua kidogo usiku na kuvimba ufizi. Homa kali, kuharisha na kutapika havitokani na meno. Miezi ya meno ndiyo miezi ambayo kinga aliyoipata kwa mama inapungua, ndiyo anaanza vyakula vingine, anatambaa na kutia kila kitu mdomoni. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi (ORS) na madini ya zinki, aendelee kunyonya, na afikishwe kituoni. Jeli za ganzi zenye benzokaini asipakwe mtoto wa chini ya miaka 2.

Jino la kwanza kwa kawaida ni la mbele chini, karibu na miezi 6, ingawa wapo wanaoanza miezi 4 na wapo wanaofikisha mwaka. Meno yote 20 ya utoto huwa yamekamilika mtoto anapokaribia miaka 3.

Mwana wa Kagera (#16)
Nesi amegusa kidonda. Naomba mtaje na "meno ya plastiki", kwa sababu hilo nalo ni neno lililojengwa juu ya kuota meno. Lilienea Tanzania miaka ya 1980, na wengine waliita meno ya nailoni. Ndugu zetu wa Uganda wana *ebiino*. Mtoto wa wiki chache akiharisha au akipata homa, mtu anamfunua ufizi, anaona vivimbe vyeupe mahali pa chonge, anasema hayo ni meno mabaya yaliyoota kabla ya wakati wake. Kumbe ni vichipukizi vya chonge za kawaida ambavyo bado viko ndani ya ufizi.

Mdogo wangu alichokolewa ufizi kwa njiti ya baiskeli iliyonolewa. Nilikuwa na miaka 9 na mimi ndiye niliyeshika kanga iliyopokea damu. Aliishi, lakini upande wa kushoto wa juu hana chonge hadi leo, na jino linaloifuata limeota likiwa limepinda. Wapo wasioishi, kwa sababu ya kuvuja damu au pepopunda. Kijitabu kikisema "kuota meno" bila kusema kwamba hakuna meno ya plastiki, kitakuwa kimemwacha mama nusu ya njia.

MamaTumaini (#17)
Mwana wa Kagera, pole sana, na asante kwa kulieleza. Nitalitengea ukurasa wake.

Nesi, kwa kuwa umetaja jino la mbele chini, naomba nilete jambo linaloendelea nyumbani kwangu. Mama yangu ametoka Bagamoyo kuja kunisaidia. Kabla ya lile jino kuonekana alikuwa akimfunua mtoto midomo kila asubuhi, anatazama ufizi wa juu kwanza, kisha wa chini, halafu anashusha pumzi. Nilipomuuliza alijibu neno moja tu: "Kigego." Sikuwahi kulisikia.

Binti Saadani (#18)
Kigego ni mtoto aliyetanguliza meno ya juu. Aliogopwa kwamba ataleta mikosi kwa wazazi na kwa ukoo. Katika baadhi ya jamii zetu, zamani, wapo waliouawa au kutupwa kwa sababu hiyo peke yake, na ni vyema tuliseme jambo hilo waziwazi.

Shangazi yangu alikuwa kigego. Bibi alipoona jino la juu limeota, alimfungia ndani na kutangaza kwamba mtoto ana surua. Aliwazuia wageni majuma sita, hadi ya chini yalipotoka, ndipo akamtoa nje akiwa anacheka, meno juu na chini, na hakuna aliyeuliza yapi yalitangulia. Siri hiyo bibi aliitoa siku ya arusi ya shangazi. Shangazi alizaa saba na akawazika wenzake wengi waliokuwa wakimwogopa.

WaMlimani (#19)
Binti Saadani, umenigusa sana. Kuhusu neno lenyewe, angalieni: kwetu *igego* ni jino lolote, na *magego* ni meno yote. Kwenu gego ni lile pana la nyuma la kutafunia. Lakini mtoto hawezi kuanza na gego la nyuma, kwa hiyo kigego kinaonyesha kwamba hata pwani gego liliwahi kuwa jino lolote, kisha likasukumwa nyuma ya kinywa.

Mpenda Sarufi (#20)
Au *ki-* hapo ni ile ya kasoro: kipofu, kiziwi, kilema, kibogoyo. Waliompa jina walimpanga kwenye ngeli ya wenye dosari, na gego likaja kwa sababu ya ubaya wa sauti yake tu. Hoja ya Kikuyu inapendeza, ila neno moja haliwezi kuibeba historia ya kinywa kizima.

Mkulima Msomi (#21)
Naona WaMlimani na Mpenda Sarufi wanavutana tangu asubuhi na hakuna aliyeumia. Wazee walisema meno ya mbwa hayaumani.

Nesi Mkunga (#22)
Kwa mama wa MamaTumaini: meno ya juu kutangulia ni tofauti ya kawaida kama urefu na ufupi, wala hayaleti ugonjwa wala mkosi. Tafadhali liwemo kitabuni pamoja na neno lenyewe, kigego, kwa sababu bibi anayelijua hatashawishika na ukurasa unaolikwepa.

Nahodha wa Pangani (#23)
Nami nakubaliana na Nesi. Bado namdai Mwalimu asili ya kuota. Nimewaza pia kuku anayeotamia mayai, wengine husema kuatamia, na mwindaji anayeotea mnyama kichakani. Wote wamekaa chini, kimya, wakingoja kitu kitokee. Huenda kuota kwa jino ni kukaa kwa siri ndani ya ufizi hadi wakati ufike.

Mwalimu wa Songea (#24)
Hapo, Nahodha, umenipa dhana nzuri kuliko yangu kwa upande wa kinywa, na mbaya kuliko yangu kwa upande wa kitambi. Kitambi hakijifichi.

MamaTumaini (#25)
Asanteni nyote. Nimeamua kichwa cha sura kiwe "Mtoto anapoota meno", na sentensi ya kwanza iseme, "Mtoto huanza kuota meno, au kumea meno kama wengine wasemavyo, akiwa na miezi kama 6." Baada ya hapo nitatumia kuota hadi mwisho, kwa sababu nimeona kwamba mama wa Kirinyaga akishaonyeshwa mara moja hatapotea, ilhali mama wa Pangani akisoma "kumea" kurasa nane mfululizo atadhani kitabu ni cha kilimo. Kutoka meno nimekuacha, kwa kuwa huko mtoto hutoka pia damu, jasho na udenda. Mume wangu amesoma uzi wote na bado anasema kumea. Sehemu ya mwisho nimeipa jina "Kumsaidia mtoto kuotesha meno".

Nesi Mkunga (#26)
Dada, yote yamekaa vizuri isipokuwa hiyo "kuotesha". Miche huoteshwa: mtu anachimba, anamwagilia, anatia mbolea. Mama akisoma kwamba meno huoteshwa atakwenda sokoni kutafuta dawa ya kuyaotesha, na wauzaji wanazo, nimeziona zikiletwa kliniki ndani ya chupa zisizo na jina. Andika "Kumtuliza mtoto anayeota meno", kisha uwaelekeze wamsugue ufizi taratibu kwa kidole safi, au wampe kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi yaliyochemshwa akitafune huku wakimwangalia.